Dawa ya Kikoa

Ilikuwa Jumanne, saa nne na robo asubuhi. Jua lilikuwa kali, anga haikuwa na wingu, na upepo wa mashariki ulirusha vumbi jeupe la chumvi juu ya uwanda wa Bahi. Madirisha ya chumba cha pacha katika Kituo cha Mishipa yalikuwa yamefungwa, kwa sababu vumbi lile liliua pampu.

Daktari Perisi Ndahani alisimama mbele ya pacha wa Hezekia Chidawali. Pacha huyo alikuwa kipande cha mshipa wa damu chenye urefu wa kidole, kilichooteshwa kutokana na seli za Hezekia na kufungwa ndani ya bomba la kioo. Pampu ilimsukumia damu bandia, naye alitanuka na kunywea, akatanuka na kunywea. Watumishi wote walimtaja kama mtu. Mwaka mmoja na nusu uliopita alikuwa akigonga kioo kwa ukaidi wa bomba la chuma. Sasa alikuwa laini. Perisi alipenda kumtazama kabla ya kuanza kazi, kama mkulima anavyopita shambani kabla ya kunywa uji.

Kwenye rafu ya chini palikuwa na kioo kitupu chenye jina la Damari, mke wa Hezekia. Pacha wa Damari naye alilainika alipotiwa dawa. Alilainika kwa majuma machache, akavimba upande mmoja, kisha akapasuka kwa urefu wake wote kama ganda la kunde kavu.

Dawa hiyo iliitwa Kilegezi. Visima vya uwanda vilikuwa vimegeuka chumvi tangu mvua zilipobadilika, na mtu wa miaka thelathini alikuwa na mishipa ya mtu wa sabini. Chumvi na sukari hufunga vifungo baina ya nyuzi za ukuta wa mshipa, na ukuta hukakamaa. Mshipa uliokakamaa haupokei pigo la moyo. Hulirudisha, na moyo huchoka kupigana nao. Kilegezi kilifungua vifungo hivyo. Kwa watu wachache kilifungua vifungo tu. Kwa wengi kilifungua na nyuzi zenyewe. Hapakuwa na njia ya kumjua mtu wa kundi hili na wa kundi lile ila kumwoteshea pacha na kungoja.

Katika kitongoji cha Magadini, watu kumi na wawili walipatikana kuwa salama. Hezekia alikuwa mmoja wao. Mkewe hakuwa.

Sasa Damari alikuwa amelala kwenye kitanda cha vipimo, chumba cha pili, akilalamikia maumivu ya mgongo. Perisi alimuuliza yameanza lini. Alijibu kwamba yalianza wakati wa palizi, na kwamba aliona ni jembe tu. Yeye alikuwa hajalichoka, ila huenda jembe ndilo lililomchoka. Alicheka mwenyewe kwa kifupi, akashika ubavu.

Perisi alipitisha kipimo kifuani pake na kutazama kioo cha mashine. Nyuma ya moyo, mshipa mkuu ulikuwa umejitokeza upande mmoja, kama mpira wa ndani wa baiskeli mahali unapokaribia kupasuka. Alilijua umbo lile. Alikuwa ameliona chumba cha jirani, ndani ya kioo chenye jina la Damari, siku moja kabla pacha hajapasuka.

Alimtoa damu kidogo. Akamwambia apumzike, asiinuke, asinyanyue hata mkoba wake.

"Ni jembe?" Damari aliuliza.

"Si jembe, mama Yona. Nipe muda kidogo."

*

Majibu ya damu yaliletwa na Mika Mnyukwa, kijana wa miaka thelathini na mitano, ambaye ndiye aliyewaotesha pacha wote wa kituo. Aliingia ofisini na kufunga mlango kabla ya kusema. Kwa kawaida Mika aliingia na mzaha. Safari hii hakuwa nao.

"Kilegezi kimo ndani yake," alisema.

"Kiasi gani?"

"Kiasi cha mtu anayemeza kila siku."

Perisi aliketi. Hakuwaza kwanza habari za Damari. Aliwaza habari za namba za utafiti wake mwenyewe, na baadaye alilijutia hilo.

Katika miezi sita ya mwanzo, mishipa ya wale kumi na wawili ilikuwa haijabadilika, ingawa pacha wao walilainika ndani ya vioo vyao. Jambo hilo lilikuwa limewasumbua wote kituoni. Perisi ndiye aliyelitolea uamuzi. Alisema mwili huivunja dawa haraka kuliko kioo, kwa hiyo dozi iongezwe mara mbili. Kila mshiriki akapewa vidonge viwili badala ya kimoja. Baada ya muda mfupi mishipa ya wote kumi na wawili ilianza kufuata mwendo wa pacha wao, hatua kwa hatua. Alipousoma utafiti huo mbele ya wataalamu katika mji mkuu, walisimama kumpigia makofi.

Mwili haukuwa umevunja kitu. Watu walikuwa wakigawana.

Alimweleza Mika kwa sentensi mbili. Mika alikuwa ameshafika hapohapo.

Baraza la Tiba lilikuwa na kanuni moja isiyo na mlango wa nyuma: dawa ya majaribio ikimdhuru mtu asiye mshiriki, jaribio hufungwa siku hiyohiyo na vidonge vyote hukusanywa. Mika aliikariri kanuni hiyo, kisha akasema maoni yake. Waziite nyumba kumi na mbili kimyakimya. Wawapime wake na waume. Wawaeleze waliokuwa wakigawiwa kwamba dawa inawachana kwa ndani, na kila mshiriki abaki na chake. Taarifa ingengoja.

"Kanuni haisemi ingoje," alisema Perisi.

"Kanuni haikai Magadini, dada Perisi. Kilegezi kikikatika, vifungo hujifunga upya upesi kuliko mwanzo. Uliandika wewe mwenyewe. Wale kumi na wawili, ukiwanyang'anya leo, wangapi watafika msimu ujao wa kupanda?"

Perisi alilijua jibu. Wachache. Alijua pia jambo ambalo Mika hakulitaja: bomba la maji matamu kutoka nyanda za juu lilikuwa limeahirishwa mara mbili, na mara zote mbili wenye mamlaka walieleza kwamba dawa iko njiani. Jaribio likifungwa, uwanda usingekuwa na bomba wala dawa.

Aliinuka kitini, akasema: "Twende kwa Hezekia. Nitamuuliza swali moja. Kama wanaweza kuacha kugawana, nitanyamaza, na dhambi hiyo itakuwa yangu. Kama hawawezi, taarifa inakwenda leo."

*

Walimrudisha Damari nyumbani kwa gari la kituo, wakienda polepole kwa ajili ya mashimo. Yeye aliketi mbele na kuwaonyesha mashamba ya watu: huyu amepata uwele mzuri, yule mvivu tangu utoto. Perisi alikuwa nyuma na akahesabu, bila kutaka, kila mara gari liliporuka.

Hezekia alikuwa uani, akichonga mpini wa jembe. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na tatu, mrefu, ambaye mwaka juzi hakuweza kutembea kutoka mlangoni hadi zizini bila kuegemea ukuta. Aliinuka mara moja, akawasalimu kwa Kigogo, "Mbukwenyi," nao wakaitikia. Aliwatazama mmoja baada ya mwingine.

"Daktari akija mwenyewe kwa miguu yake," alisema, "ama kuna harusi ama kuna matanga. Na harusi mngepiga honi."

Perisi alimwomba aketi. Alimweleza walichokikuta katika damu ya mkewe, akamuuliza kama alikuwa akimgawia.

Hezekia hakukana. Alisema walianza kugawana tangu siku ya kwanza, na hakuona haja ya kuficha, ila tu hakuna aliyemuuliza. Perisi alimkumbusha mkutano wa mwanzo, pale chini ya turubai, alipowaambia mara tatu kwamba kidonge ni cha mtu mmoja, nao wote wakaitikia kwamba wamesikia.

"Tulisikia," Hezekia alikubali. "Ulisema vizuri sana. Hatukutaka kubishana nawe. Ulikuwa mgeni, na jua lilikuwa kali."

Mika aliinamisha uso. Hezekia akaendelea.

"Hapa tunalima kikoa, mwanangu. Leo shambani kwangu, kesho kwako. Mwaka ule wa njaa tulikula kikoa, chungu kikizunguka nyumba kwa nyumba, ndiyo maana unatuona. Sasa wewe unanipa dawa, unaniambia nilale kitanda kimoja na mama Yona, mimi mshipa unalainika, wake unageuka jiwe, na mimi namsikiliza anavyohema. Mtu wa namna hiyo kwenu mnamwitaje?"

Perisi alikuwa amejiandaa njiani kwa maneno ya kitaalamu, na maneno hayo yalimtoka. Alimgeukia Damari, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda akichambua mboga za mlenda, akamwambia moja kwa moja.

"Mama Yona, kile kidonge ndicho kilichokuharibu. Mshipa mkubwa unaotoka moyoni umevimba. Utapasuka."

Mikono ya Damari iliendelea kuchambua majani mawili, matatu. Kisha ikatulia.

Hezekia aliuliza kama hauwezi kushonwa. Perisi alimweleza kwamba ukuta ule sehemu moja ni mwembamba kama ganda la kitunguu na sehemu ya pili ni mgumu kama kauri. Mwembamba hushindwa kushika uzi na mgumu hukataa sindano. Hospitali ya mji mkuu walijaribu kwa wagonjwa watatu wenye uvimbe kama huo, wasifanikiwe. Hezekia aliuliza ni lini. Alijibiwa kwamba haijulikani: huenda ni siku atakaponyanyua ndoo, huenda ni mwakani akiwa amelala.

Hezekia aliuweka mpini chini. Aliitazama mikono yake, ile iliyokuwa ikikivunja kidonge kila asubuhi, kama vile aliazimwa na mtu na sasa anatakiwa kuirudisha. Mkewe ndiye aliyesema.

"Usijitazame hivyo, baba Yona. Ningekataa ungenilazimisha?"

"Nisingekulazimisha."

"Basi. Nilifungua kinywa mwenyewe."

Perisi aliona kwamba wakati wa swali lake umefika, na kwamba hautakuwapo wakati mzuri kuliko huo. Alimweleza Hezekia habari ya kanuni na habari ya wale kumi na wawili, bila kuficha kitu. Kisha akauliza.

"Nikikuachia vidonge, na mama Yona asiguse tena, utameza peke yako?"

Hezekia alifikiri. Alikuwa mtu mwaminifu, na swali lilimpa taabu.

"Nitakuambia ndiyo," alisema hatimaye. "Wewe utaondoka na hiyo ndiyo. Jioni atakuja jirani yangu Yeremia, kama ajavyo kila siku. Ananiona nalima, na yeye hawezi kufunga mbuzi kamba bila kukaa chini. Hataomba. Yeremia haombi. Atakaa tu pale, ananitazama. Hapo, daktari, ndipo sijijui."

"Na ukijua kwamba kitamuua?"

"Kitamuua lini? Maji yanamuua sasa."

Mika alijaribu kuliokoa jambo. Alisema kwa upole kwamba wangeweza kuja kila asubuhi, nyumba kumi na mbili, wasimame mpaka kila mtu ameze mbele yao na kufungua kinywa. Ni kazi, lakini inawezekana. Kama ni nyumba kumi na mbili tu, yeye mwenyewe angeifanya.

Damari alimtazama kwa huruma.

"Si kumi na mbili, mwanangu," alisema. "Vidonge vilipokuwa viwili, tulisema Mungu ameongeza kwa ajili ya wengine. Kimoja kizima baba Yona akawa anameza mwenyewe. Cha pili tulikigawa: nusu yangu, na nusu nampelekea mdogo wangu Loi Jumapili baada ya ibada, akiba ya juma zima."

"Na Loi anameza yote?" aliuliza Perisi.

"Loi ana wakwe."

Mika alikuwa akizihesabu nyumba kwa vidole. Alikunja ngumi, akaitia mfukoni. Kila mmoja katika ua ule alielewa kwamba dawa ilikuwa imekwisha kwenda mahali ambapo daktari yeyote asingeweza kuifuata, kutoka kiganja hadi kiganja, katika nyumba ambazo hazikuwahi kuoteshewa pacha.

Perisi aliinuka aage. Damari alimkatalia, alisema mtu haondoki na habari kama hiyo juu ya tumbo tupu, na mlenda ulikuwa karibu. Wakakaa. Ugali wa uwele uliletwa kwenye sinia moja. Maji ya kunawa yaliwaachia weupe kwenye kucha.

Walipokuwa wakila, Damari aliuliza jambo ambalo, alisema, alikuwa akitaka kuliuliza siku nyingi.

"Maji mnayokunywa kule kituoni yanatoka wapi?"

"Yanaletwa kwa gari," alijibu Perisi. "Kutoka nyanda za juu."

"Ni matamu?"

"Ni matamu."

"Tungeomba, mngetupa?"

Perisi aliweka tonge chini. "Ni ya watumishi, mama Yona. Ndivyo yalivyopangwa."

Damari aliitikia kwa kichwa bila hasira, kama mtu aliyeuliza saa na kuambiwa saa. Alimsogezea Perisi bakuli la mlenda, akamwambia ale, unapoa.

*

Jioni hiyo mambo yalikwenda hivi.

Perisi aliandika taarifa kwa mkono wake, akakiri ndani yake kwamba yeye ndiye aliyeongeza dozi bila kwenda kuuliza nyumbani kwa watu, na akaituma saa kumi na moja. Kisha alikwenda kwenye redio ya wilaya na kusoma onyo mara mbili, kwa Kiswahili na kwa Kigogo, akimtaka kila aliyeonja Kilegezi afike kituoni. Alikaa barazani nje ya kituo akingoja. Hakuna aliyekuja, kwa sababu onyo lilieleza pia kwamba hakuna tiba.

Baraza la Tiba lilijibu kabla jua halijatua, kwa mstari mmoja, na kulifunga jaribio.

Mika alizima pampu za pacha kumi na wawili. Wa Hezekia alimwacha mwisho. Pacha alinywea, akabaki amenywea. Baadaye Mika alilipakia gari pipa la maji ya watumishi, akalipeleka Magadini bila kumuuliza mtu. Maji yalitosha mpaka Alhamisi.

Loi aliisikia redio, akavifukia nyuma ya nyumba vidonge alivyokuwa navyo. Mama mkwe wake hakuwa na redio, na vyake alikuwa amevifunga kwenye pindo la kanga.

Yeremia alikuja kwa Hezekia kama kawaida, akakaa mahali pake, akatazama. Hezekia alimwambia kila kitu. Yeremia alisikiliza hadi mwisho, akauliza kama kimebaki hata kimoja.

Hezekia alivirudisha kituoni vidonge vyote, isipokuwa kimoja, ambacho hakusema kimekwenda wapi.

Kabla gari la Mika halijafika, Damari alichukua ndoo akaenda kisimani. Hezekia alimkimbilia njiani ndoo ikiwa imejaa, akataka kumnyang'anya. Damari alikataa kuiachia, kwa hiyo waliibeba wote wawili, kila mmoja upande wake, wakarudi nayo polepole ili isimwagike, na usiku huo walipikia maji yaleyale ya chumvi.